Kutoka gari dogo hadi semi tela: kujifunza, kufanya mtihani na kupata leseni daraja E

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuendesha gari dogo na sasa anataka kukaa kwenye kichwa cha semi, avute tela kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma akijua anachokifanya. Tumeulenga kwenye magari yaliyojaa barabarani kwetu: Scania, Howo, Faw, Actros, mengi yakiwa na gia za mkono, yote yakiwa na breki za upepo. Shika jambo moja tangu siku ya kwanza. Kwenye gari dogo ukichelewa, breki hukuokoa. Kwenye gari la tani 50 kila kitu hufanywa mapema: gia huchaguliwa kabla ya mteremko, indiketa huwashwa kabla ya kona, upepo hukaguliwa kabla ya kung'oa nanga. Wanafunzi wengi wanaoanguka mtihani wanajua kushika usukani vizuri tu. Kinachowaangusha ni kufanya jambo sahihi kwa kuchelewa.

Karatasi, kwa ufupi

Leseni ya malori makubwa ya mizigo Tanzania ni daraja E. Unaiendea ukiwa tayari na leseni ya gari dogo, kisha unapata cheti cha mafunzo ya magari makubwa kwenye chuo kinachotambuliwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo na vyuo vya ufundi vya VETA ndivyo vinavyojulikana zaidi. Mtihani uko mikononi mwa polisi wa usalama barabarani, na leseni yenyewe hutolewa kupitia Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa hiyo namba yako ya mlipakodi (TIN) iwe tayari. Tangu Julai 2019 leseni hudumu miaka 5, na ada iliyowekwa wakati huo ni shilingi 70,000.

Kabla hujalipa chuo, uliza mambo mawili. La kwanza: gari la kufundishia lina tela, au ni Fuso peke yake? La pili: kuna siku mtaendesha likiwa na mzigo? Lori tupu hupanda bila shida na husimama haraka, likakudanganya. Ukijifunza kwa gari tupu tu, mlima wa kwanza ukiwa na mzigo utakuwa mgeni kabisa kwako.

Ukaguzi kabla ya safari

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, weji (vizuizi vya kuzuia gari lisisogee) zimewekwa kwenye tairi. Anzia mbele, zunguka kwa upande mmoja, urudi ulipoanzia. Fuata njia ileile kila siku ili mkono uzoee na usiruke kitu.

Fungua shoo, yaani kifuniko cha mbele ya kabini. Pima oili kwa kijiti, tazama maji ya rejeta kwenye tangi lake la akiba. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, maji yatakuunguza uso. Tazama mikanda, kisha chungulia chini: tone la oili, la dizeli au la maji lina mahali lilipotoka, litafute. Shika vyuma vya usukani uvitikise. Vikicheza, gari halitoki.

Kwenye tairi usiishie kutazama. Gonga kila tairi kwa chuma au rungu: lenye upepo hurudisha rungu na hulia kwa ukali, lililopungua hutoa sauti nzito iliyokufa. Kwa tairi nyingi za rimu ya 22.5 upepo huwa kati ya psi 110 na 120, ila kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuata. Pima tairi likiwa baridi. Tairi mbili za nyuma zinazokaa pamoja zisigusane, na mawe yasibane katikati yake, kwa sababu jiwe likichomoka kwenye mwendo huruka kama risasi kwenye kioo cha anayekufuata. Tairi moja ya pea ikiwa na upepo mdogo, mwenzake hubeba mzigo wote, hupata moto na kupasuka. Mara nyingi linalopasuka ndilo lililokuwa zima.

Nati za tairi hukupa taarifa zenyewe. Mstari wa kutu unaoshuka kutoka kwenye nati, au rangi iliyochubuka kuizunguka, maana yake nati inacheza. Tairi likibadilishwa njiani, simama baada ya kilomita 50 hadi 100 ukaze nati tena.

Malizia na taa zote, viakisi vya nyuma na pembeni, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto, bima na karatasi za gari. Hayo huchukua dakika chache, na ndiyo ya kwanza kuulizwa na askari.

Upepo: hapa usiharakishe

Kanyagio la breki la gari dogo husukuma mafuta. La lori hufungulia upepo uliohifadhiwa kwenye matangi, na upepo huo ndio unaobana viatu vya breki. Handibreki hufanya kinyume chake: ndani ya chemba za breki za nyuma kuna springi kali zinazobana breki muda wote, na upepo ndio unaozirudisha. Ndiyo maana lori lisilo na upepo halisogei, na upepo ukivuja njiani gari hujifunga lenyewe. Anayeelewa hilo ataelewa pia kwa nini kukanyagakanyaga breki kwenye mteremko ni hatari: kila mkanyago unatoa upepo nje, na kompresa inahitaji muda kuurudisha.

Kila asubuhi vuta waya wa valvu zilizo chini ya matangi ya upepo, maji yatoke. Maji machache ni kawaida. Yakitoka na oili nyingi nyeusi, kompresa inapitisha oili, mwite fundi.

Kisha pima upepo kwa mpangilio huu, weji zikiwa chini ya tairi:

1. Washa injini, acha ijaze. Geji mbili zipande hadi usikie valvu ikipumua kwa kishindo. Kwa magari mengi ni kati ya baa 8 na 10. Geji moja ikibaki chini, saketi moja ya breki ina tatizo.

2. Zima injini, rudisha ufunguo mahali pa kuwasha taa za dashibodi, achia handibreki. Tazama geji dakika nzima bila kugusa kitu. Kwa kichwa chenye tela, kushuka kusizidi baa 0.2.

3. Kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie dakika nyingine. Sasa kushuka kusizidi baa 0.3. Mwambie utingo azunguke akisikiliza. Uvujaji mdogo husikika wakati huu, hasa kwenye mipira ya tela na kwenye chemba.

4. Kanyaga na kuachia mara nyingi hadi taa nyekundu na king'ora vilie. Viwahi kulia geji ikiwa karibu na baa 5. Vikichelewa sana, utakuja kujua huna upepo pale gari litakapojifunga katikati ya barabara.

5. Jaza upepo tena, vuta handibreki, toa weji, ingiza gia ya chini kabisa na uachie klachi kidogo. Gari likatae kwenda. Kisha achia handibreki, tembea polepole kama mwendo wa mtu anayetembea haraka, ukanyage breki. Likivuta upande mmoja, breki za upande wa pili hazibani sawasawa.

Mtahini akikuuliza kuhusu breki, onyesha hatua hizi ukizitaja kwa sauti huku ukigusa kila kitu. Anayetazama kimya hata kama amekagua, mtahini hana njia ya kujua.

Kuunganisha tela

Tela likikatika barabarani, karibu kila mara kosa lilifanyika kwenye yadi. Kichwa kinyooke na tela kabla hujarudi. Shuka utazame urefu: bamba la chini ya tela liwe chini kidogo ya usawa wa sahani ya kichwa (ile inayobeba tela na kushika pini yake), ili kichwa kinapoingia kilinyanyue. Tela likiwa juu mno, pini yake itapita juu ya mdomo wa sahani na kwenda kugonga kabini. Likiwa chini mno utakunja fremu au miguu ya tela.

Sahani iwe na grisi na mdomo wake uwe wazi. Rudi polepole hadi usikie mlio wa kufunga. Kisha, breki za tela zikiwa zimebana, jaribu kwenda mbele kwa gia ya chini, taratibu. Tela likatae. Hapo shuka na tochi, ingia chini: mdomo uwe umekumbatia pini pande zote, mwanga usipite kati ya bamba na sahani, na mkono wa kufungia uwe umerudi mahali pake. Kusikia mlio peke yake hakutoshi, kwa sababu mdomo unaweza kulia ukiwa umeshika nusu.

Sasa mipira ya upepo. Mwekundu ndio unaolisha matangi ya tela, wa njano ndio unaopeleka amri ya breki. Ukiifunga kinyume, tela litabaki limebana na utadhani gari limeharibika. Chomeka waya wa umeme, jaza upepo, pandisha miguu ya tela hadi mwisho, rudisha mkono wake kwenye kibano. Zunguka mara moja zaidi ukitazama taa za tela.

Klachi na gia

Gari lenye mzigo huondokea gia ya chini, siyo ya tatu. Wanaoondokea gia ya juu wanaona wamewahi, kumbe wanasaga klachi, na harufu yake utaisikia kabla hujatoka kituoni. Klachi ikishabana, ondoa mguu juu yake.

Injini kubwa ya dizeli hufanya kazi vizuri kati ya mizunguko 1,000 na 1,500. Ndiyo sehemu ya kijani kwenye geji. Panda gia kabla haijatoka kwenye kijani, shuka kabla haijaanza kutetemeka.

Giaboksi nyingi zina swichi ya gia za chini na za juu kwenye mkono wa gia. Swichi igeuzwe kabla ya kuhamisha mkono, na usiirudishe kwenye gia za chini ukiwa kwenye kasi, utavunja giaboksi. Kwenye giaboksi za aina ya Fuller, ambazo hazina sinkronaiza (kifaa cha kulinganisha kasi za gia), klachi hukanyagwa mara mbili. Kupanda: kanyaga, toa gia hadi nyutro, achia, subiri mzunguko ushuke, kanyaga, ingiza. Kushuka: ukiwa nyutro na klachi umeachia, ongeza mafuta mizunguko ipande 300 au 400 hivi, kisha kanyaga na uingize. Gia ikikataa kwa kelele, usiilazimishe. Kasi ya gari na ya injini hazijalingana, rudia.

Kuondoka mlimani: handibreki imevutwa, gia ya kwanza, achia klachi hadi kabini iinuke kidogo na mzunguko ushuke, ongeza mafuta kidogo, ndipo uachie handibreki. Gari lisirudi nyuma hata kidogo, maana hili mtahini hulitazama kwa macho mawili.

Kona na kurudi nyuma

Tairi za tela hazifuati njia ya kichwa, hukata ndani. Kwenye kona ya kushoto nenda mbele zaidi kuliko unavyodhani ndipo ukunje, na macho yawe kwenye kioo cha kushoto hadi tairi la mwisho la tela lipite ukingo. Usiache nafasi pana upande wa kushoto unapojiandaa, kwani bodaboda au bajaji itaingia humo na hutaiona tena.

Kurudi nyuma na tela hujifunzwa kwa mpangilio: kwanza nyuma moja kwa moja mita 30, kisha kona ya upande wa dereva, mwisho ule upande usioonekana. Weka mkono chini ya usukani: unakousogeza mkono ndiko mkia wa tela unakokwenda. Unaporudi moja kwa moja, tela likianza kuonekana zaidi kwenye kioo fulani, zungusha usukani kuelekea kioo hichohicho, kidogo, kisha urudishe. Makosa ni yale yale kwa kila mwanafunzi: kukunja sana, kungoja matokeo, kisha kukunja sana upande wa pili. Rudi kwa mwendo wa kobe, mguu ukiwa nje ya mafuta, na kunja kidogo mapema. Pembe ikishakuwa kali, kukunja zaidi hakusaidii, tela litagonga kabini. Nenda mbele, nyoosha, anza upya. Kwenda mbele kurekebisha ni ufundi, na mtahini mwenye akili analijua hilo; kugonga pipa ndiko kunakoangusha.

Ukiwa na shaka, vuta handibreki, shuka, utazame. Utingo akikuongoza, mkubaliane ishara kabla, na asipoonekana kwenye kioo, simama.

Mteremko

Kitonga, Sekenke, Iwambi hadi Mbalizi: kila dereva wa nchi hii ana majina hayo kichwani, na mabaki ya magari kwenye makorongo yanajulikana. Mengi ya magari hayo breki zake zilikuwa nzima juu ya mlima. Ngoma ya breki ikipata moto hupanuka na kukimbia viatu vyake, viatu navyo hupoteza msuguano; dereva anakanyaga hadi chini na gari haliitiki.

Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo na uingize gia inayolishika gari bila breki. Kanuni ya kuanzia: gia uliyoipandia mlima huo, au moja chini yake. Washa eksozi breki, na ritada kama gari linayo; zote hushika gari bila kutumia ngoma za breki. Amua mwendo wako wa juu kabisa, tuseme kilomita 30 kwa saa. Ukiufikia, kanyaga breki kwa uthabiti hadi mwendo upungue kwa kilomita 8 hivi, kisha achia kabisa ngoma zipoe. Kuikalia breki kidogokidogo njia nzima ndiko kunakozipika. Ukikosea ukaanza kwa gia ya juu, usijaribu kushusha gia ukiwa umeshachanganya. Gia ikikataa utabaki nyutro, na hapo injini haikushiki tena. Simama kwa breki mapema, zikiwa bado baridi, uanze upya na gia ya chini.

Kuachia gari fri (nyutro) ili kuokoa mafuta ni kujidanganya. Injini za kisasa za dizeli zenye mfumo wa kielektroniki, zikiwa ndani ya gia na mguu nje ya mafuta, hukata dizeli kabisa. Zikiwa nyutro ndipo huendelea kunywa ili zisizime.

Ukisikia harufu ya kuungua au ukaona moshi kwenye kioo, simama pembeni mahali salama, weka weji, ziache ngoma zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, zitapasuka.

Mwendo na mizani

Kwa gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Kwa 80 unakula mita 22 kila sekunde, na breki za upepo huchelewa karibu nusu sekunde kabla ya kubana. Mwachie wa mbele sekunde 6, yaani mita 130 hivi. Watu watakuingilia katikati. Punguza, uifungue tena nafasi.

Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi 4, tani 18 kwa ekseli mbili za pamoja zenye tairi nne kila moja, na tani 24 kwa ekseli tatu za pamoja. Semi ya ekseli 6 kwa hiyo hufika tani 50; kikomo cha juu kabisa ni tani 56. Unaweza kuwa ndani ya uzito wote na bado ukakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese kwa ekseli moja iliyozidi, kwa sababu mzigo umerundikwa mbele au nyuma. Simama juu ya tela wakati wa kupakia. Ukishafunga turubai, kurekebisha ni kupakua upya.

Siku ya mtihani

Lala vizuri, kula, vaa viatu vyenye soli nyembamba inayosikia klachi. Nenda na leseni yako ya sasa, kitambulisho na cheti cha chuo. Tarajia maswali ya alama na sheria, ukaguzi wa gari, uwanja wa kurudi nyuma na kuondoka mlimani, kisha barabarani.

Barabarani geuza kichwa unapotazama vioo. Kuzungusha macho tu hakuonekani na aliyekaa pembeni. Yanayoangusha zaidi ni haya: kuondoka bila kutazama geji ya upepo, kusahau indiketa unaporudi barabarani kutoka kituoni, kupanda ukingo wa barabara kwa tairi la tela, kukaribia kivuko cha waenda kwa miguu bila kupunguza, na kukata klachi mapema kabla ya kusimama hadi gari likatembea bure. Ukikosea, rekebisha na uendelee. Mtahini anaweza kuwa ameandika kosa dogo tu, nawe kwa kulifikiria ukafanya kubwa.

Ukifaulu, peleka uthibitisho wa polisi TRA kwa picha, saini na alama za vidole. Leseni ikikabidhiwa mkononi, isome palepale dirishani: jina, tarehe ya kuisha, na herufi E iwepo kwenye madaraja. Ikikosekana, usiondoke hapo hadi irekebishwe.